Mi Nauliza Chumvi

Ngalula alisomea uchumi kule Lubumbashi, akafaulu katika uchumi, na alipopata kazi katika chuo kidogo cha Kolwezi aliambiwa atafundisha uchumi. Kwa hiyo mwezi wa kumi, mvua za kwanza zilipoanza kupiga mabati, direkta alipomwita ofisini na kumwambia kwamba mwaka huu atafundisha pia teatre na lile somo walilolipa jina la Metodi, alidhani mzee anatania.

Direkta Ngeleka hakuwa mtu wa kutania. Zamani aliitwa Omer. Tangu serikali ilipokataza majina ya kizungu na kuamuru kila mtu aitwe Citoyen, yaani raia, ukimwita Omer kwa kusahau, alikuwa anageuka kutazama nyuma yake kama anayemtafuta huyo mtu unayemwita.

"Yule Mubeleji wa teatre alienda likizo, harudie tena," alisema. "Na mwenye Metodi walimupeleka Likasi. Sasa batoto babaki bule?"

"Citoyen Direkta, mi nilisoma ekonomi."

"Muzuri. Teatre ni nini? Ni kusimama mbele ya bantu na kusema. Weye unasimama mbele ya bantu kila siku."

"Na Metodi?"

"Metodi ni kufundisha bantu namna ya kujifunza. Weye hukujifunza?"

Ngalula alikubali. Alizaliwa Musonoi, ukingoni mwa mashimo ya shaba, binti wa mtu aliyeletwa na treni kutoka Kasai kuja kuchimba, na baba yake alimlea kwa neno moja: ukibishana na kapita, msimamizi wa kazi, umebishana na ugali wako. Alitoka ofisini akiwa na masomo matatu badala ya moja, na kichwa kilianza kumuuma kabla hajafika kwenye ngazi.

Wanafunzi walikuwa wale wale kwa masomo yote matatu, katika chumba kile kile, kwa hiyo hakuwa na mahali pa kuwakimbilia. Hawakuwa watundu. Wangekuwa watundu angejua la kufanya. Walikuwa watiifu mno. Akisema neno, waliliandika. Akikohoa, kalamu zilisimama hewani zikingoja. Alichora mistari miwili ubaoni, mmoja wa wanunuzi na mmoja wa wauzaji, akaeleza mpaka sauti ikakauka kwa nini inakutana pale inapokutana, kisha akauliza kama kuna swali. Mkono mmoja uliinuka, wa Mbuyi, msichana mrefu aliyekaa karibu na mlango.

"Mwalimu, ule mustari wa juu, tuuandike na wino mwekundu?"

Lakini aliyemmaliza nguvu kabisa alikuwa Aruna.

Aruna alikuwa mtoto wa Mariamu, mama wa sokoni aliyeuza mikate ya kukaanga katika mafuta. Familia yao ilitoka mashariki, upande wa Kasongo, na mjomba wake alikuwa na lori lililobeba mizigo ya wafanyabiashara hadi Tenke na kuendelea. Kijana alikuwa mpole, nguo safi, hakuchelewa hata siku moja, na alikuwa na kichwa ambacho hakikuacha kitu kidondoke. Katika mtihani wa kwanza wa uchumi aliandika maana ya uhaba neno kwa neno kama Ngalula alivyoisoma darasani. Hapo katikati, baina ya koma na koma, aliandika: fungeni dirisha, mvua inaingia. Kisha akaendelea na uhaba.

Ngalula aliisoma karatasi ile mara mbili. Alicheka peke yake, kisha akashikwa na hasira, kisha akamwita.

"Aruna, hii maneno ya dirisha ni ekonomi?"

"Mulisema, Mwalimu."

"Nilisema juu mvua ilikuwa inaingia!"

"Ndiyo, Mwalimu. Mulisema vile."

Alijaribu kumtibu kwa Metodi, maana somo hilo ndilo kazi yake. Aliwaamuru wote wafunge madaftari, kila mmoja aeleze somo la jana kwa maneno yake mwenyewe, kama anamweleza mdogo wake nyumbani. Darasa zima lilimtazama kama amewaambia wavue viatu. Zamu ya Aruna ilipofika, alisimama, akatazama dari.

"Maneno yako, Aruna. Yako weye."

"Mwalimu, maneno yangu haina points."

"Nani alikuambia vile?"

"Ku chuo ya Kurani nilibadilisha neno moja, shehe akanipiga. Ku primeri nilibadilisha tena, masera wa kanisa akanipiga. Bote bawili banasali tofauti, lakini fimbo ilikuwa moja."

Darasa lilicheka. Ngalula akamwambia akae.

Mambo yakaenda hivyo hadi mwezi wa pili. Hapo direkta akaja na habari kwamba mjumbe wa elimu atatoka Lubumbashi kuja kukitazama chuo, na kwamba atapokewa kwa mchezo wa kuigiza. Mchezo alikuwa ameuandika mwenyewe. Ulikuwa wa Kifaransa, wenye mkulima, fundi na mama mzazi, na wote watatu walikuwa wanazungumza kama hotuba ya redio. Wanafunzi waliushika kichwani kwa siku chache tu na kuusema wakiwa wamesimama wima, mikono imebana mapajani, macho ukutani. Ngalula aliwatazama akahisi meno yanamuuma.

"Citoyen Direkta," alimwendea, "mjumbe atalala."

"Alale. Akilala hataona mabati inavuja."

"Muniachilie nifanye yetu. Ya Kiswahili, mufupi. Ya duka. Nitawafundisha teatre na ekonomi na Metodi mara moja, nipumzike."

Ngeleka alifikiri, akaona kwamba asipokubali atasumbuliwa tena kesho, akakubali.

Ngalula hakuwa na nia ya siasa. Alitaka tu wanafunzi wake waone ile mistari miwili ikitembea kwa miguu. Mwaka ule sukari ilikuwa imepotea Kolwezi. Maduka ya Wagiriki na Wareno yalikuwa yamegawiwa raia kwa amri ya serikali, na baadhi ya hao raia hawakujua mzigo unaagizwa vipi. Wengine walijua sana. Basi mchezo ulikuwa huu: mwenye duka, mteja anayetafuta sukari, mwenye duka anasema imekwisha, wateja wanaongezeka, na kila akiongezeka mmoja sukari inakumbukwa kidogo nyuma ya pazia, kwa bei nyingine. Hakuna karatasi. Kila mtu atasema kinachomjia.

Mbuyi, aliyekuwa mteja wa kwanza, aliwashangaza wote. Mara alipoambiwa asiandike, ulimi ukamfunguka, akawa anamsumbua mwenye duka kama mama halisi aliyeacha chai ikipoa nyumbani. Mwenye duka alikuwa Aruna, kwa kuwa alikulia sokoni. Na Aruna alisimama nyuma ya meza kama gogo.

"Niseme nini, Mwalimu?"

"Kile mwenye duka anasema."

"Anasema nini?"

"Aruna! Mama yako hauze? Mujomba wako habebe mizigo ya bantu ba maduka? Hujasikia namna banasema?"

"Nilisikia."

"Basi sema!"

Alichofanya ni kwenda nyumbani na kurudi kesho yake akiwa ameyatunga maneno yote, yake na ya Mbuyi, na kuyameza yote. Mbuyi akipunguza neno, alimsahihisha. Ngalula aliketi kwenye kiti cha nyuma, akajifunika uso kwa mikono. Lakini siku zilikuwa zimekwisha, na maneno yenyewe, alikiri moyoni, hayakuwa mabaya. Yalikuwa na ukali ambao hakujua mvulana ameutoa wapi.

Siku ya mjumbe ilikuwa Jumamosi alasiri. Jumba la mikutano la cité, mtaa wa wenyeji, lilijaa hadi madirishani: wazazi, wachimbaji waliotoka zamu, kina mama na watoto mgongoni. Mjumbe alikaa mbele na abakosti yake ya kijivu, ile suti isiyo na tai ya watu wa serikali. Kushoto kwake alikaa direkta. Kulia kwake, katika kiti chenye mto, alikaa mtu mnene mwenye pete, na Ngalula alimwona alipochungulia kupitia pazia.

Alikuwa Kalala. Duka kubwa la Mgiriki sasa lilikuwa lake. Mji mzima ulikuwa umesimama mlangoni kwake kutafuta sukari, na mji mzima ulikuwa umeambiwa imekwisha.

Alimvuta direkta pembeni. "Juu ya nini mulimwita Kalala?"

"Ni yeye alituazima viti. Alilipia na vinywaji. Kuko shida gani?"

"Mchezo ni wa sukari!"

Ilionekana wazi kwamba Ngeleka hakuwahi kuuliza mchezo ni wa nini. "Badilisha," alisema, jasho likimtoka. "Badilisha mbio mbio," na akarudi kuketi karibu na mgeni wake, akitabasamu.

Ngalula alikimbilia nyuma ya pazia. "Musikie! Leo si sukari. Leo ni chumvi. Kila mahali mulikuwa munasema sukari, museme chumvi. Mbuyi?"

"Chumvi," alisema Mbuyi.

"Aruna?"

Aruna alikuwa anafunga aproni ya mwenye duka, polepole. "Mwalimu, mi niko na sukari mu kichwa."

"Toa sukari, tia chumvi! Neno moja tu!"

"Niko na sukari," alirudia, na kabla Ngalula hajamshika mabega ngoma ilipigwa na pazia likafunguliwa.

Mbuyi aliingia na kikapu, akamsalimu Aruna kama anayemsalimu baba mtu mzima. "Jambo, tata. Mi nauliza chumvi."

"Sukari ilikwisha, mama," alisema Aruna.

Mbuyi aliweka kikapu mezani. "Chumvi, tata. Mi nauliza chumvi."

"Mama, nilisha kusema. Sukari hakuna. Ata kule nyuma, sukari hakuna. Ata mukiingia mwenyewe kule nyuma, chini ya mifuko ya unga, hamutaona sukari."

Mtu mmoja katika safu za nyuma alipasuka kicheko. Kisha safu nzima. Kisha jumba zima likavuma, maana hakuna aliyehitaji kuelezwa: mama anauliza chumvi, na mwenye duka anakana sukari ambayo hakuna aliyemtajia. Kina mama walipiga vigelegele. Wachimbaji walipiga miguu sakafuni. Mjumbe wa elimu alivua miwani akajifuta macho. Nyuma ya pazia Ngalula alikuwa ameuma kidole chake mwenyewe.

"Tata," alisema Mbuyi, sasa akifurahia, "mbona weye unasema sukari peke yako? Iko nakusumbua?"

Ndipo Kalala aliposimama. Kiti chenye mto kilianguka nyuma yake.

"Ni nani alibaambia kama mi niko na sukari?" alipiga kelele. "Ni nani?"

Kicheko kilikatika kama kilivyoanza. Vichwa vyote viligeukia kiti kile, na Kalala mwenyewe, ukiutazama uso wake, alionekana kusikia alichosema baada ya kukisema. Ngalula alimtazama Aruna. Katika yale yote aliyokuwa ameyashika kichwani, hapakuwa na neno la mtu huyu. Sasa atakufa pale pale, alifikiri, atasimama kama gogo mpaka tushushe pazia.

Aruna aliegemea meza kwa viwiko, kama wafanyavyo wenye maduka, akamtazama Kalala kutoka juu hadi chini.

"Tata," alisema kwa upole, "mupange mustari. Huyu mama alitangulia."

Kelele zilizofuata zilisikika, walisema baadaye, hadi barabara ya Kingamyambo.

Jumatatu baraza la nidhamu lilikutana. Mjumbe alikwisha ondoka, akiwa amempa Ngeleka mkono na kusema hajacheka vile tangu ujana, lakini Kalala alikuwa amekuja asubuhi na mapema, na Kalala alikuwa anabaki Kolwezi. Alitaka kijana afukuzwe. Ngeleka naye alitaka chochote alichotaka Kalala.

Ngalula alisimama mbele ya meza ya walimu, kichwa kikimpiga, Aruna akiwa kando yake na mikono nyuma.

"Citoyens, huyu mutoto hakutukana muntu. Hawezi. Mi njo mwalimu wake wa masomo yote matatu, namujua. Hana maneno yake. Anameza tu. Nilimwambia badilisha neno moja, akashindwa, juu alishaka meza lingine. Mu mtihani aliandika ata maneno yangu ya kufunga dirisha!"

Akawasimulia kuhusu uhaba na mvua. Walimu walicheka. Hata Ngeleka alicheka, kwa shida. Mwalimu wa hesabu alisema mashine ya kurekodi haifungwi jela. Wakati ule wa kicheko Ngalula aliona wameshinda, na kweli, Aruna alipewa onyo tu. Teatre ilifutwa.

Alitoka akiwa mchovu lakini mwepesi, akitegemea japo asante. Aruna alikuwa anamngoja uani, chini ya mchirizi wa mabati, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Juu ya nini mulisema vile, Mwalimu?"

"Vile namna gani? Nilikuokoa!"

"Mulibaambia kama mi niko kasuku. Bote banacheka."

"Ungependa bakufukuze?"

"Mulinieleza neno, nikalisikia. Chumvi. Ni neno la kushinda muntu? Nilisema niko na sukari mu kichwa. Hamukuuliza juu ya nini."

Ngalula alitaka kujibu kwa haraka, kama alivyozoea, lakini alisita. "Juu ya nini?"

"Mama yangu alisimama ku mulango ya Tata Kalala asubuhi yote, na mvua. Bakamwambia sukari ilikwisha. Akarudia bila kitu, hakupika mikate. Kesho yake lori ya mujomba ikaenda kule nyuma kupakia, kupeleka Tenke. Mi njo nilipakia, Mwalimu. Ilikuwa chini ya mifuko ya unga. Mujomba akaniambia nyamaza, ni kazi. Nikanyamaza. Nimezoea kunyamaza."

"Ungeniambia, Aruna."

"Mungeniacha nicheze?"

Asingemwacha. Walijua wote wawili. Ngalula alihisi ile hasira yake ya miezi yote, iliyokuwa na anwani ya kijana huyu, ikikosa mahali pa kwenda.

"Nilikukosea," alisema. "Mbele ya bale bantu nilikukosea."

Aruna aliitikia kwa kichwa, si kwa kusamehe wala kwa kukataa, akaondoka kupitia mlango wa uani.

Hakuja kesho yake, wala wiki ile. Ngalula alimfuata Mariamu sokoni. Mama yule alikuwa nyuma ya karai la mafuta, na mikate ilikuwa inaelea.

"Mumepata sukari, mama?"

"Eh, Mwalimu, hamukusikia?" Mariamu alicheka hadi akashika kiuno. "Bantu bote banaenda kwa Kalala asubuhi, banapanga mustari, banasema: tata, mi nauliza chumvi. Bazee, ba mama, ata bapolisi. Alikasirika, alifunga, alifungua. Siku ya nne akaitoa yote nje."

"Bei gani?"

Mariamu alitaja. Ngalula alishika kichwa. Ilikuwa bei ambayo haijawahi kusikika tangu mji ulipojengwa.

"Haki gani hiyo?" alisema. "Yaani mulishinda, na munalipa zaidi?"

"Sukari iko, Mwalimu. Mbele haikuwa. Aruna naye kaka yangu alimufukuza ku lori, juu Kalala hamupatie tena mizigo. Yuko nyumbani, amenuna. Nitamurudisha kwenu. Pale nyumbani ananichokesha na maulizo."

Aruna akarudi Jumatatu iliyofuata. Mahali pa teatre, direkta alikuwa ameweka nyimbo na ngoma za kupokea wageni, zikiongozwa na kijana mwenye filimbi, na wacheza ngoma walifanya mazoezi chini ya dirisha la Ngalula saa ile ile ya uchumi. Alifundisha kwa kupaza sauti. Aruna alikaa nyuma, hakufungua daftari, hakuandika hata tarehe.

"Kitu kikipungua," alisema Ngalula kwa sauti kubwa, "bei yake inapanda."

Mkono ukainuka. "Haikupungua, Mwalimu. Ilikuwa nyuma."

"Tuseme imepungua machoni pa bantu."

"Na ilipotoka nje ikawa mingi, juu ya nini bei haikushuka?"

"Aruna, kaa chini."

"Nakaa. Lakini munijibu."

Alitazama ubao, ile mistari yake miwili iliyokutana vizuri katikati. Alianza kujibu, akaona jibu lake linavuja, akaanza upya. Filimbi ililia nje. Miguu ilipiga udongo. Kichwa kilimuuma.

"Kuja huku mbele," alisema mwishowe, akamwekea chaki mezani. "Kuja useme weye juu ya nini."

Aruna akaja. Aliyosema nusu yalikuwa ya kweli na nusu yalikuwa ovyo. Ngalula alimkatiza, naye akamkatiza Ngalula, Mbuyi akaingilia kati kutoka mlangoni bila kuinua mkono, na wakabishana hivyo, wote wakipiga kelele kuzidi ngoma, mpaka kengele ikalia na hakuna aliyeondoka.